Miche Mia Tatu Juu ya Kisima

Kisima kilikuwa bondeni, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka barabara ya lami iendayo Kajiado, na kilikuwa cha mama aliyekuwa akiniletea maziwa. Kilichimbwa kwa mikono na baba mkwe wake. Hakikuwa kirefu. Mtu mzima akisimama ndani, na mwingine akisimama mabegani mwake, yule wa juu angeshika ukingo. Lakini maji yake yalikuwa matamu, na anayeishi pande hizi anajua maana ya neno hilo. Visima vingi vya mashine hapa hutoa maji ya chumvi, maji yanayoacha utando mweupe kwenye sufuria na rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto. Maji ya bonde lile ungeyanywa kutoka kwenye kata na kuomba tena.

Mume wake alikuwa amefariki. Shamba lilibaki mikononi mwa wawili, yeye na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji alitaka shamba likatwe ploti na kuuzwa, kama mashamba yote yaliyopakana nalo yalivyokwisha kukatwa. Yeye alitaka ng'ombe wabaki. Ukoo ukakutana, na shemeji mwenyewe, kwa kutaka aonekane mtu wa haki, akatoa kauli mbele ya wote: maadamu kisima kina maji, ng'ombe watakaa na shamba halitakatwa, siku kitakapokauka, watauza. Kila mtu aliona ni maneno ya busara. Kisima kile hakikuwa kimekauka tangu kichimbwe, hata katika viangazi ambavyo punda milia walilala wamekufa kando ya reli.

Mimi ndiye niliyekikausha. Nitaeleza jinsi, polepole, kwa sababu nimekuwa mwalimu wa kilimo kwa miaka mingi na sijui kueleza kwa namna nyingine. Usijali kama hukusoma somo hilo. Hakuna kitu hapa ambacho huwezi kukiona kwa macho yako ukiinama.

Nilihamia Kitengela nilipopewa kazi katika shule ya sekondari. Natoka magharibi, kule ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na mtu hulalamika kwamba nguo hazikauki. Nilipanga nyumba ya vyumba viwili kwenye ploti iliyozungukwa na ploti nyingine, juu ya ule udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kunyonya viatu wakati wa mvua. Mama mwenye kisima alikuja asubuhi ya kwanza na mtungi wa maziwa, akaniamkia kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikamjibu habari nzuri. Akacheka, akanifundisha kwamba jibu ni "iko". Kuanzia hapo akaniita mwalimu, nami nikamwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao, ingawa tulikaribiana umri, na Jumamosi nyingi nilikuwa kwake.

Bonde lake lilikuwa limenivutia kabla sijajua kwa nini. Kando ya korongo palikuwa na msitu mdogo, kichaka hasa, wa aina ambayo mtu anayepita na gari haoni cha kusifu. Mikuyu miwili mikubwa ilisimama katikati. Chini yake kulikuwa na migunga, leleshwa, mizabibu pori na miti midogo yenye miiba ambayo sikujua majina yake kwa lugha yoyote. Chini kabisa palikuwa na majani makavu, samadi ya swala, matawi yaliyooza na mashimo ya mchwa. Ukitembea humo mguu ulizama kidogo, kama unakanyaga godoro kuukuu. Kisima kilikuwa pembeni mwa kichaka hicho. Juu yake mteremko ulipanda hadi kwenye boma, na mteremko wote ulikuwa na migunga iliyoachana, na nyasi katikati.

Halafu kikaja kiangazi kibaya. Ng'ombe walianza kuinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia na pembe, kwa sababu hawakuweza kusimama wenyewe. Yeye na shemeji yake walikubaliana, kwa mara moja katika maisha yao, kuchoma makaa ili wanunue nyasi zilizofungwa. Walikata migunga ya mteremko, yote. Kichaka cha bondeni hawakukigusa, kwa sababu wazee wao hawaruhusu mkuyu kukatwa, na kwa sababu kilikuwa na fisi. Simlaumu mtu yeyote kwa migunga ile. Nilimwona yeye akimlisha ndama nyasi kwa mkono, unyasi mmoja mmoja, akimnong'oneza kama mtoto mwenye homa.

Mvua iliporudi, ilirudi juu ya mteremko mtupu. Maji yalishuka mekundu, yakakata mfereji kutoka bomani hadi korongoni, na kila mvua ilipoongezeka mfereji ulipanuka. Yeyo akaniita nije nione. Tulisimama ukingoni, akaniuliza ni mti gani unaoota haraka, ushike udongo kabla boma lenyewe halijashuka bondeni.

Nikamwambia mikaratusi, ile ambayo watu wengi huiita bulugamu.

Sikufikiri hata dakika moja. Kwetu kila boma lina mstari wa mikaratusi. Mtoto akizaliwa inapandwa, akienda sekondari inauzwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo maana ya neno mti. Wiki ile ile nikaenda kwenye kitalu, nikaleta miche mia tatu nyuma ya pikapu, imefunikwa gunia bichi isinyauke. Tuliipanda kwenye mteremko, mistari mitatu minene, na mstari wa mwisho ulipita karibu sana na kisima, kwa sababu hapo udongo ulikuwa laini na kuchimba mashimo kulikuwa rahisi. Laiti ningejiuliza kwa nini hapo ulikuwa laini.

Hata shemeji alikuja kusaidia. Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, na kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Alishika mche, akautazama.

"Mwalimu, hii miti ya kwenu itasikia Kimaasai?"

"Ipe mwaka mmoja," yeyo akamjibu kabla yangu. "Itakuwa inakuamkia. Tena itakuwa na adabu kukushinda."

Siku ile ilikuwa nzuri. Sitaki kuificha kwa sababu ya yaliyofuata. Tulikula nyama mchana, na mikono yetu ilinuka udongo mbichi.

Miche iliota kwa kasi iliyotushangaza. Mwaka wa pili ilitupita vichwa. Mwaka wa tatu ilikuwa na kivuli, na mfereji ulikuwa umeacha kupanuka. Nilileta wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waone jinsi mmomonyoko unavyozuiwa, wakachora michoro, nami nikawapa alama nzuri. Majirani walikuja kuuliza kitalu kiko wapi.

Kamba ya kisima ndiyo iliyoona mapema. Yeyo alikuwa na ndoo na kamba ya katani, na ukingoni kulikuwa na gogo alilofungia mwisho wa kamba. Siku moja akaniambia, kama habari ndogo, kwamba ameongeza kipande cha kamba, maana ndoo haifiki. Nikamwambia ni ukame. Baada ya miezi akaongeza kipande kingine, nikasema ukame tena. Neno hilo ni zuri sana kwa mwalimu. Halina mwenyewe, na hakuna anayeweza kukuuliza zaidi.

Halafu tukapata msimu mzuri wa mvua, mzuri kweli, mpaka barabara ya Kitengela ikafungwa na maji na watu wakachelewa kazini siku tatu. Jumamosi nilipofika kwake nilitarajia kumkuta na furaha. Alikuwa amekaa juu ya lile gogo.

"Mvua imenyesha, mwalimu," akasema. "Lakini kisima hakijasikia."

Nilichungulia. Maji yalikuwa chini kuliko nilivyowahi kuyaona, duara dogo la kijivu. Hapo ndipo nikaacha kusema ukame.

Jumamosi iliyofuata nilirudi na mkebe mkubwa wa rangi nilioukata pande zote mbili, mtungi wa maji na saa. Jaribio lenyewe ni rahisi kiasi kwamba nawafundisha wanafunzi wangu wakafanye nyumbani. Unaugonga mkebe udongoni kidogo, unamimina ndani kiasi kimoja cha maji, unahesabu muda yanaochukua kuzama. Ndiyo njia ya kuuliza udongo kama unakunywa.

Tulianza kwenye sehemu ya mteremko ambayo haikupandwa kitu baada ya makaa. Pale juu palikuwa pamekuwa pagumu, na utando laini kama uji uliokaukia kwenye sahani. Matone ya mvua yanapopiga udongo usio na kitu juu yake, huvunja chembe zake, na zile ndogo kabisa huziba matundu. Tulimimina maji, yakakaa. Tulizungumza habari za ndama aliyezaliwa, tukamaliza habari hizo, na maji bado yalikuwa yamekaa.

Tukaenda chini ya mikaratusi. Nilitarajia hapo yazame, maana kulikuwa na majani mengi yaliyoanguka, na nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba majani ni mazuri kwa udongo. Nikayasogeza. Udongo ulikuwa mkavu kama unga, ingawa mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Nilipomimina, maji hayakutandaa. Yalijikusanya kama matone juu ya kitambaa cha plastiki, yakatetemeka, yakatafuta njia ya kuteremka. Majani ya mti ule yana mafuta na nta. Yakioza polepole mahali pakavu kama hapa, nta ile huvisha chembe za udongo, na udongo hulikataa tone. Tulisubiri sana. Hatimaye yalizama, lakini kwa shingo upande. Kisha nikachimba kwa jembe. Mpaka kina cha goti palikuwa na nyuzi za mizizi, nyembamba, nyingi mno, na hakuna unyevu hata wa kushikamanisha konzi moja ya udongo.

Mwisho tukaingia kichakani, chini ya mkuyu. Hapo nilimimina na kuinama nitazame saa, na nilipoinua macho maji hayakuwepo. Nikadhani mkebe unavuja. Nikamimina tena, yakaingia tena, na sauti ndogo, kama mtu anayemeza. Tulipochimba tulikuta udongo mweusi unaovunjika vipande vipande kama keki, wenye mashimo ya minyoo, ya mchwa na ya mizizi iliyokufa zamani na kuacha mabomba matupu. Miti ya kichaka kile haifanani, na ndilo jambo lenyewe. Mmoja una mizizi ya juu, mwingine unashuka ndani sana. Mmoja unaangusha majani wakati mwenzake unachipua. Mchwa hula haya, minyoo hula yale, na wote wanachimba. Miaka mia ya kuchimba bila kupumzika. Mvua ikifika hapo haina haja ya kukimbia. Inaingia, inahifadhiwa, inashuka kidogo kidogo, na mtu aliyechimba shimo pembeni mwake anapata maji matamu na kudhani ni bahati.

Lakini kichaka kilikuwa kidogo. Zamani kilisaidiwa na mteremko wote wenye migunga na nyasi. Migunga ile haikuwa mingi, ila kila mmoja ulikuwa na duara lake la udongo mzuri chini, mahali mbuzi walipolala na ndege walipoangusha mbegu, na kila duara lilikuwa mlango wa maji. Tulifunga milango ile kwa makaa. Kisha mimi nikaweka mlangoni walinzi mia tatu wenye kiu mwaka mzima, ambao hawaangushi majani yote kiangazi na kulala kama mgunga, na ambao mizizi yao ilikuwa imefika kisimani kabla ya kamba.

Nilikaa chini pale. Nilikumbuka kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu nikiwa na miaka saba au minane. Nyuma ya nyumba yetu magharibi kulikuwa na kinamasi, chenye vyura na matete, na babangu alitaka kulima hapo mboga. Alipanda mikaratusi kuzunguka kinamasi chote. Nilibeba miche mwenyewe. Baada ya miaka michache kinamasi kikakauka, tukalima sukuma wiki, na baba akasifiwa kwa maendeleo. Nilikulia ndani ya sifa hiyo. Kwetu kazi ya mti ule mahali penye maji ni kuyaondoa. Kila mtu anajua, na nilijua. Nilibeba maarifa hayo mpaka Kajiado na kuyaona upande mmoja tu, upande wa haraka na mbao. Upande wa pili niliuacha nyumbani pamoja na mvua.

Nilimwambia yote, pale pale, na kinamasi pia. Alisikiliza akichomoa nyuzi za mizizi kutoka kwenye konzi ya udongo.

"Kwa hivyo ni miti," akasema.

"Ni miti. Na ni mimi."

"Wewe hunywi hivyo. Nimekupa chai miaka hii yote, nakujua." Akatupa udongo chini. "Sasa unaitoa aje?"

Sikuwahi kumsikia akinilaumu mbele ya watu. Tuliajiri watu wawili wenye misumeno. Shemeji hakupinga, alikuja na lori akachukua nguzo zote, akaniuliza kwa adabu kama nina shamba lingine ninalotaka kulipanda. Visiki vikachipua kabla ya mwezi kwisha, kila kimoja na machipukizi matano au sita yenye nguvu kuliko mama yao. Tukarudi na mapanga. Yakachipua tena. Tulivichimba vile vya karibu na kisima kimoja kimoja, kazi ya wiki nzima kwa kila mstari, na mikono yangu ilikuwa na malengelenge hata nikashindwa kushika chaki.

Naomba nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu wakisikia hadithi hii huondoka wakichukia mti. Mkaratusi haukufanya kosa. Mahali penye mvua nyingi, juu ya kilima, mbali na chemchemi, unaweza kumjengea mtu nyumba na kumsomeshea watoto. Kosa ni kudhani kwamba msitu ni msitu, kwamba ukiona kijani basi maji yapo. Na kosa la pili ni kudhani kwamba ukiondoa ulichoweka, udongo utarudi ulipokuwa. Udongo hausahau haraka hivyo. Nta hukaa. Utando hukaa. Mabomba ya mchwa yaliyoporomoka hayajengwi kwa msimu mmoja, na mchwa wenyewe walikuwa wamehama.

Tulileta fundi wa visima kutoka upande wa Machakos aongeze kina. Alishuka asubuhi, na kabla ya adhuhuri tukasikia mtaimbo ukilia kwa sauti nyingine. Alipopanda alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akasema amefika mwambani, na juu ya mwamba hakuna kitu. Alikataa kuchukua chai, akasema haoni raha kunywa kwa mtu ambaye amempa habari kama hiyo.

Kwa muda kisima kilitoa ndoo moja asubuhi. Halafu nusu ndoo yenye tope. Halafu tope peke yake, na nyuki wakawa wanashuka humo kunywa, mpaka ikawa hatari kuchungulia. Ng'ombe walinyweshwa kwa lori la maji ya chumvi kutoka Kitengela. Wawili walitoa mimba. Siku ambayo nyuki nao waliacha kuja, aliniambia kwa simu, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, kwamba nisisumbuke kuja Jumamosi, kuna mkutano.

Nilienda. Ukoo ulikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, na shemeji hakuhitaji kusema mengi. Kauli yake ya zamani ilikuwa inakumbukwa na kila mtu. Walitembea wote mpaka kisimani, mzee mmoja akatupa jiwe ndani, likagonga mwamba, wakarudi. Yeyo alisema neno moja tu, kwamba amekubali mbele ya Mungu na mbele yao, na hatageuza. Aliomba abaki na kile kichaka. Wakamwambia kichaka kiko katikati ya ramani, lakini mikuyu haitakatwa. Baadaye mpimaji alipochora, mikuyu ilibaki ndani ya ploti ya mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Nilipokuwa naondoka shemeji alinisindikiza mpaka kwenye lango. Alinishika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayemheshimu mwenzake.

"Mwalimu, nilimwomba huyu mama auze, miaka sita. Wewe umemwomba mara moja, kwa miti," akasema. "Asante."

Hakuwa ananidhihaki. Alimaanisha. Nilitembea mpaka barabarani nikiwa nimebeba asante ile, na mpaka leo sijajua pa kuiweka.

Kisima kilitakiwa kufukiwa kabla ya wanunuzi kuja, mtoto asije akaanguka. Kwenye ramani mpya kilikuwa katikati ya njia ya kuingilia. Lori likamwaga mawe na kifusi pembeni, na vijana wa mpimaji wakaanza kusukuma kwa makoleo. Yeyo alisimama ukingoni. Aliokota jiwe, akalitumbukiza, akafuta mkono kwenye shuka. Nami nikainama kuokota langu, nadhani nilitaka tushirikiane.

"Acha," akaniambia. "Wewe ulishatia lako."

Nikaliweka chini. Ndiyo siku pekee aliyonilaumu, tena kwa sauti ambayo wale vijana hawakuisikia. Baada ya hapo tulikunywa chai kwa shangazi wa mumewe, na alinimiminia yeye mwenyewe, na akaniwekea sukari vijiko vitatu kama anavyojua napenda.

Aliuza baadhi ya ng'ombe, waliobaki wakapakiwa kwenye lori hadi kwa kaka yake, upande wa Rombo, karibu na mpaka. Kule hali ni tofauti. Msitu wa mlimani uko juu, mzito, wenye ukungu, na maji yanayoingia ndani yake hutokea chini yakiwa chemchemi. Kaka yake ana chemchemi ndogo kwenye shamba lake, chini ya mikuyu, na vitunguu na nyanya mbele yake. Mimi nilibaki Kitengela. Maziwa nikawa nanunua ya pakiti.

Miezi ilipita kabla hajanipigia. Nilifikiri kuna msiba. Alisema wana wa kaka yake wameleta miche, iko uani imefunikwa gunia, na wanataka kupanda kuzunguka chemchemi kabla ya mvua.

"Ni ile yako," akasema. "Nimeongea mpaka nimechoka, wananiambia shangazi umeleta uchungu wa huko kwenu. Njoo uwaambie wewe."

Nilisafiri siku nzima, nikalala Illasit kwa mwalimu niliyesoma naye, na asubuhi nikafika. Vijana walikuwa watatu, watu wazima wenye familia, wakulima wazuri, wanaojua bei ya nguzo kuliko mimi. Walinipa kiti. Kaka yake alikaa mbali kidogo akisikiliza. Nilikuwa nimejiandaa kama somo, na mkebe wangu ndani ya begi, lakini nilipofungua mdomo somo lilikataa kuanza mwanzoni.

"Mimi ndiye niliyekausha kisima cha shangazi yenu," nikawaambia. "Nilifanya kwa miche kama ile."

Nikaeleza. Wa kati, mwenye maswali mengi, aliniuliza kama nilikuwa mwalimu wa kilimo siku ile nilipopanda. Nikasema ndiyo. Akaniuliza sasa waniamini kwa nini.

Nilimwambia asiniamini. Nikawaomba jembe, tukaenda chini ya mikuyu ya chemchemi, wakachimba wenyewe. Kisha tukapanda mteremko hadi kwa jirani mwenye mikaratusi ya miaka minne, wakachimba hapo pia, kwa ruhusa yake, naye jirani akatucheka. Wa kati alichukua konzi ya udongo wa kule juu, akaitemea mate, akatazama mate yakibaki juu yake kama shanga. Akamwonyesha kaka yake mkubwa. Walizungumza kwa Kimaasai, haraka, na yeyo wangu hakunitafsiria.

Hawakukubali yote. Nisingependa uondoke ukidhani niliwashinda. Mvua ilipokuja waliipanda ile miche, kwa sababu walikuwa wameinunua na kwa sababu mtu hawezi kutupa mti. Lakini waliipeleka juu, kwenye mpaka wa shamba unaopakana na barabara, mbali na maji. Bado si mbali kama ningetaka. Nilipima kwa hatua zangu siku ya pili nilipokwenda, na sikulala vizuri. Kuzunguka chemchemi waliacha kichaka kama kilivyo, na yeyo amezungushia miiba mbuzi wasiingie, na amepanda migunga mitano kutoka kwenye mbegu alizookota kwenye samadi.

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, huenda kuitazama chemchemi. Hunipigia siku za Jumapili. Jumapili iliyopita nilimuuliza maji yanatoka kiasi gani, kama yamepungua tangu mwezi uliopita, kama anaweza kuweka alama kwenye jiwe, kama yanabadilika rangi baada ya mvua. Aliniacha nimalize.

"Mwalimu," akasema, "yanatoka."